Saizi ya Goti

Ka, ka, ka. Viungo vya mwanasesere viligongana ndani ya boksi kabla afisa hajalifungua, na hasira ikampanda Kombo. Sheria iliwataka wafiwa wabadilishe mwanasesere wa marehemu kila mwaka, wapewe mdogo zaidi, ili msiba nao upungue. Wa mwaka jana alimfika Kombo kiunoni, sawasawa na binti yake Riziki siku aliyokufa. Huyu aliishia gotini.

"Mwakani wa kiganjani, kisha mnapumzika," afisa alisema.

"Kapumzike na wako!" Kombo alifoka.

Mkewe, Tunu, alikwishashika mkasi. Alikuwa analipunguza gauni la njano la Riziki.

"Mama Riziki, unafanya nini?"

"Si ili limwenee huyu? Hata zamani lilikuwa likimpwaya."

"Lilikuwa likimbana! Alilia tukimvua!"

Tunu akamtazama kama anayesikia habari za mtoto wa jirani.

Kombo akampokonya mkasi, akamkumbatia mwanasesere mkubwa aliyekuwa akingoja kuchukuliwa.

"Riziki, ulinifika hapa," alisema kwa sauti, mkono kiunoni. "Nakuahidi mwanangu, hapa ndipo utakapobaki, maadamu baba yako anapumua."