Maji ya Kumkanda Mzazi

Bi Somoe alikuwa ameshapanga kuni na kuinjika sufuria ya maji ya kumkanda bintiye Semeni, aliyejifungua alfajiri, afisa wa moto alipopiga hodi na kuingia bila kungoja kukaribishwa.

“Shikamoo mama. Kwa sheria mpya ya moshi, ukoo wenu hauruhusiwi tena kuwasha moto. Mashine imesoma udongo wa bonde lote, na visiki vinaonyesha babu yako alichoma mkaa.”

“Marahaba. Alichoma, tukala. Na babu yako wewe alifanya kazi gani?”

“Alikuwa rubani.” Kijana akatazama pembeni. “Lakini moshi wa angani hauachi kisiki, mama. Mashine inasoma udongo tu.”

Bi Somoe akasukuma ukuni chini ya sufuria kwa hasira. Waliopita juu ya msitu wamesamehewa, na waliolala ndani yake, macho mekundu kwa moshi, ndio wanaoambiwa wameiharibu dunia. Chumbani Semeni aliguna kwa maumivu.

Afisa akaomba kumwona mtoto ili athibitishe ukoo wake. Akatoa mashine nyingine ndogo, ya kusoma damu, akaigusisha kwenye kisigino cha mtoto, ikawaka taa nyekundu.

“Naye pia,” akasema kwa upole. “Maisha yake yote. Pole, mama.”

Mtoto hata jina alikuwa hajapewa. Bi Somoe akachutama, akachukua kiberiti, akawasha kuni mbele ya afisa.

“Kaa hapo usubiri,” alimwambia bila kumtazama. “Nikishamkanda mwanangu, utatufunga wote watatu. Huyo mdogo utambeba wewe.”