Kaburi Chini ya Tuta

Gaudiosa alikaa juu ya kaburi la mumewe, panga mapajani, akalitazama tingatinga kama mtu anayemtazama mwizi wake.

"Shikamoo, mama," alisema Loveth, injinia wa bwawa.

"Marahaba. Lizime hilo dude."

Likazimwa. Watu wa Masanze walikuwa wamejaa pale, wamechoka, wamekasirika. Makaburi yote yalikwishahamishwa ili mawe yamwagwe chini ya tuta. Limebaki hili tu.

Loveth akachuchumaa. "Mama, tuta limekaa juu ya mchanga uliolowa. Ardhi ikitikisika, mchanga unageuka uji, tuta linateleza. Mawe yataukandamiza. Hapo hata tuta likishuka, hata likipasuka, tutaziba. Ila maji yasitoke yakawafuata watoto ndani."

"Maji yakitoka nayajua. Tuta la kwanza lilipobomoka, si mimi niliyefiwa?"

"Ulifiwa, lakini humo tulizika mgomba tu!" alifoka Ditram, jirani yake. "Mwili haukuonekana. Nyumba zetu zisombwe kwa ajili ya mgomba?"

"Kwa huo mgomba nililala chini matanga yote, Ditram. Na wewe ukala wali wangu. Nyamaza."

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mwinshehe, akainua mkono.

"Gaudiosa, unataka nini hasa?"

"Desturi. Jembe la kwanza lipigwe na mtu wa kwao marehemu. Si tingatinga."

"Kwao si waliisha wote?"

"Hawakuisha. Juzi nilipeleka vitunguu Mikumi, nikamkuta mmoja. Ana gesti pale barabarani, ana mke, ana watoto, tumbo limemjaa. Nimemwambia aje leo. Asipokuja, kesho namfuata na kijiji kizima."

Midomo ilimtetemeka. Loveth alidhani ni kilio, akampa leso. Hakuipokea.

Bodaboda ikafika inatimua vumbi. Abiria akashuka polepole, kofia ameishusha hadi machoni. Mwinshehe alimtazama mara moja tu, akashika kichwa. Ditram akarudi nyuma, nusura aanguke.

Gaudiosa akasimama, akajipangusa udongo, akamtupia yule mgeni jembe miguuni.

"Haya, mume wangu. Jifukue."