Mbwa Aliyemfunza Bi Mize

Palikuwa na Mbwa aliyejivunia jambo moja tu: kwamba amemfunza adabu mwenye nyumba, Bi Mize.

"Nikibweka," alimwambia Paka, "anaacha kukuna nazi, anakuja kunibembeleza. Juzi wali uliungua kwa ajili yangu."

Kesho yake akabweka. Bi Mize akampa mgongo, akaendelea kukuna nazi. Mbwa akabweka mpaka sauti ikamkauka, asitupiwe hata jicho. Mwisho akachoka, akajilaza kimya. Hapo hapo Bi Mize akainuka, akaja kumpapasa shingo na kumpa kipande cha nazi. Ikawa hivyo wiki nzima: akipiga kelele hapati kitu, akitulia mkono unakuja.

Mbwa akamwendea Paka, kifua mbele. "Nimemfunza upya. Siku hizi hata kubweka sibweki. Nanyamaza tu, anakuja mwenyewe."

"Hongera," alisema Paka. "Maana yeye kamwambia jirani kuwa amekufunza wewe."

Mbwa alitaka kumbwekea kwa upuuzi huo. Lakini Bi Mize alikuwa akiwatazama, kipande cha nazi mkononi. Mbwa akajilaza, akanyamaza kimya, kichwa juu kama sultani.