Plasta ya Jicho la Kulia

Plasta ilidumu dakika nne. Mtoto alilia mpaka akakosa pumzi, miwani ikamkaa upande, na mama yake, fundi cherehani ambaye mikono yake haijawahi kusita mbele ya kitambaa, akasita mara mbili kabla ya kuibandua plasta. Akaikunja, akaifunga kwenye gazeti, akaisukumiza chini kabisa ya pipa la taka. Kisha akachukua kalamu, akatia tiki kwenye karatasi ya daktari iliyobandikwa ukutani. Tiki hiyo ilimaanisha: amevaa plasta saa mbili.

Ulikuwa uongo wake wa tisa.

Daktari wa macho hakuzungusha maneno. Jicho la kulia la mtoto lilikuwa zima. La kushoto limezoea kubebwa, halitaki kazi. "Ziba hilo zima kwa saa mbili kila siku, hilo jingine lijifunze kuona," alisema. "Usipoziba, ubongo utalisahau. Na tukichelewa, tumechelewa."

Miezi kumi na moja tu, na tayari binti ana miwani yenye mpira wa kufungia kisogoni, kama mwendesha pikipiki. Majirani walicheka. Fundi alicheka nao, kisha akaingia chooni kulia.

Mama mkwe, aliyekaa na mtoto mchana wakati fundi yuko dukani, alikuwa na lake la kusema tangu siku ya kwanza.

"Nimelea saba, na hakuna niliyembandika plasta ya jicho. Mtoto hana kidonda, plasta ya nini?"

"Daktari ndiye kasema, mama."

"Daktari kasema. Na wewe unambandika huku machozi yanakutoka. Mtoto anakusoma usoni, mwanangu. Akikuona umeogopa, yeye afanye nini?"

Fundi alitamani kumwomba amsaidie, lakini utamwombaje mtu kazi asiyoiamini? Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani kwake mwenyewe ni mgeni, kwenye simu alimwambia tu, "Jikaze." Kujikaza, alijikaza. Tatizo ni kwamba mtoto akianza kulia, mkono ulikwenda wenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu ulimshinda.

Siku ya kumi na moja aliingiza mkono kwenye boksi la plasta, akapapasa boksi tupu. Aliduwaa. Lilikuwa na plasta thelathini, naye alitumia moja kwa siku. Akaona duka la dawa limemuuzia boksi lililokwisha kufunguliwa, akaenda kununua jingine, na moyoni akashukuru kwamba angalau asubuhi hiyo hapakuwa na cha kubandua.

Ni siku hizo hizo alipoanza kugundua mambo ya mama mkwe. Vikombe viwili vilivunjika. Kila akirudi jioni, alikuta kitambaa cha meza kimelowa chai pembeni mwa kikombe, kana kwamba mtu amemimina kwa kubahatisha. Bega la yule mama lilivilia damu. Ngozi iliyozunguka jicho lake la kulia ilikuwa nyekundu, na nyusi ya upande huo imenyonyoka nusu.

"Mama, nyusi imekuwaje?"

"Uzee unanyonyoa. Ngoja ukufikie."

"Na bega?"

"Mlango umenigonga."

"Mlango haugongi mtu, mama."

"Basi nimeugonga mimi. Tumeshapatana, mimi na mlango."

Fundi hakucheka. Kesho yake, akiwa katikati ya kushona gauni, mguu ulisimama juu ya pedali. Alikumbuka swali la daktari: kuna mwingine kwenye ukoo mwenye shida ya macho? Yeye alijibu hakuna. Kumbe yuko, naye amekaa nyumbani na mtoto. Bibi anapofuka, na mjukuu anafuata nyuma yake. Yeye anawaacha wawili hao peke yao kila mchana, mmoja haoni kikombe, mwingine haoni upande wa kushoto, huku akiweka tiki ukutani. Alijiona mtu asiye na faida kwa yeyote.

Akampigia daktari simu. Daktari akasema, "Walete wote wawili leo, kabla hatujafunga."

Aliacha gauni kwenye mashine, nusu limeshonwa, akatoka mbio. Njiani alipanga maneno. Kwanza ataungama kwa daktari kuhusu zile tiki. Halafu, Mungu akimpa nguvu, atamwambia mama mkwe kuwa anapofuka. Alipofika mlangoni machozi yalikuwa yameshamtangulia.

Ndani palikuwa kimya. Hapakuwa na kilio wala mchezo. Akausukuma mlango.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, na mtoto mbele yake, miwani imekaa sawasawa puani. Wote wawili walikuwa wamezibwa jicho la kulia kwa plasta. Kati yao palikuwa na kipande cha uzi mwekundu kilichodondoka kutoka kwenye nguo za kushona. Bibi alinyoosha mkono kukiokota, akashika mkeka mtupu. Mtoto akakitazama, akakichukua kwa vidole viwili, akampa.

Mama mkwe aligeuka, akamtazama fundi kwa jicho moja, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Funga mlango, mwanangu, na ufute uso kabla hajakuona. Zimebaki dakika ishirini."