Mgeni wa Saa Saba

“Mugonile, bibi,” alisalimia afisa kutoka wilayani, na hicho Kinyakyusa chake cha kujifunza jana ndicho kilichomzidishia Tulinagwe shaka.

Afisa huyo kijana alikuwa amelowa mvua mpaka magotini. Alitumwa kuangalia ni wazee gani wa kijiji cha Kinyala waendelee kutibiwa bure zahanati, maana serikali sasa ilitaka kila mtu achangie. Macho yake yalipanda kwenye bati, yakashuka kwa kuku, yakatulia kwenye chungu cha ndizi kilichokuwa kikitokota.

“Panavyonukia hapa!” akacheka.

Kule Nkunga, kijiji cha jirani, alicheka hivyo hivyo. Mzee mmoja akamchinjia kuku wake aliyebaki, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa. Baadaye mzee akanyimwa dawa kwenye dirisha la zahanati: mwenye kuku wa kulisha wageni si maskini.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa Kinyala walikubaliana: akija kwao, hakuna kumlisha. Lakini kukubaliana ni rahisi kabla mgeni hajakaa kwenye kigoda chako akitetemeka. Mkono wa Tulinagwe ulikuwa tayari umeshika sahani.

“Nyama mnakula mara ngapi, bibi?” kijana akauliza, kalamu mkononi.

Tulinagwe akairudisha sahani. Akachota maji ndooni, akaumwagia moto wake mwenyewe. Majivu yakaruka.

“Mgeni tunamlisha, mwanangu. Wewe umekuja kupima njaa yetu. Haya, ionje.”

Kijana akainuka, akatoka kwenda kwa jirani. Ilikuwa saa saba mchana, na kwenye mteremko mzima wa kijiji hapakuwa na jiko lililofuka moshi.