Nakala ya Mwisho ya Chiriku

Kiti cha kukunja kilikuwa cha mama mkwe, na maagizo yalikuwa ya mkwe wake: asibanduke hapo hata duka likishika moto.

Duka lenyewe, la santuri, lilikuwa bado limefungwa, na foleni imeshapinda kona. Kila mtu angeuziwa nakala moja tu. Mkwe huyo, fundi miwani, alihitaji mbili. Siku zote alinunua mbili: moja ya kusikiliza, na nyingine ya kutunza ndani ya nailoni yake, isiguswe hata na pumzi ya mtu. Mkewe alikuwa amekataa katakata. "Sikuolewa nije kushikia watu foleni," alisema, akajifunika shuka. Mama mkwe, aliyehamia kwao tangu goti lilipoanza kumsumbua, naye alikuwa mbioni kukataa.

"Santuri ya nani hiyo?" aliuliza.

"Ya Chiriku, Mama. Mwimbaji mmoja wa zamani. Alitoa santuri moja tu, akaacha muziki ghafla, mpaka leo hakuna anayejua aliko. Sasa wanaitoa upya, nakala mia tatu, basi."

Mama mkwe akaomba viatu vyake. Fundi miwani aliguswa mno. Tangu utotoni, alipousikia wimbo wa Chiriku redioni mara moja tu, alikuwa akiisaka santuri hiyo, na leo mama wa watu anaacha kitanda kwa ajili yake.

Alimweka mbele yake kwenye foleni. Kumpa mama mkwe mgongo saa zote hizo kungekuwa kukosa adabu.

Foleni ilikuwa na hasira zake. Kila aliyesimama pale alimlaani aliyemsimamisha.

"Huu ni wizi," alisema bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa kuwa alijua kila kitu kuhusu santuri. "Nakala mia tatu! Walishindwa nini kutoa elfu tatu?"

"Wangetoa elfu tatu ungekuja?" aliuliza mama mkwe.

"Nije kufanya nini? Kitu kimejaa kila mahali!"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mama mkwe. Wengine walitikisa vichwa kwa uchungu, kwa kuwa hata wao wasingekuja.

Profesa akaona amepata mwanafunzi. Alimwonyesha tangazo lililobandikwa dirishani, lenye sahihi ya mwimbaji kwa dhahabu, herufi ya kwanza imechorwa kama ndege aliyefumbua mdomo. "Walaghai wengi wamejaribu kuiiga sahihi hiyo wakashindwa. Mimi naitambua hata gizani. Na kwenye wimbo wa tatu, Mama, kuna mahali sauti inakatika. Ile ni huzuni. Alikusudia."

"Au alimeza mdudu," alisema mama mkwe.

Foleni ikaangua kicheko. Fundi miwani akatamani ardhi ipasuke. "Mama, tafadhali," alinong'ona, "haya mambo yana wataalamu wake."

Duka likafunguliwa. Watu wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wamekumbatia vifurushi kama watu waliotoka kujifungua. Profesa alipata yake, akabaki mlangoni kuwaonea huruma waliobaki. Mama mkwe alifika kaunta. Muuzaji akachukua nakala, akaiandika namba nyuma ya nailoni kwa kalamu nene nyeusi, akamkabidhi.

"Ndiyo ya mwisho," akatangaza. "Poleni, jamani."

Fundi miwani, aliyekuwa na pesa mkononi tayari, alizirudisha mfukoni. Kisha akajikaza. Angalau moja imeingia nyumbani.

"Hongera, Mama. Nipe niibebe, isije ikakunjika pembe."

Mama mkwe hakumpa. Aliigeuza huku na huku. "Tukifika nyumbani tutaisikiliza?"

"Hii? Hapana, Mama. Hii ndiyo ya kutunza."

"Na ya kusikiliza iko wapi?"

Fundi miwani akaangalia rafu tupu. "Ndiyo tumeikosa."

"Kwa hiyo umeitafuta maisha yako yote, umeipata, na huisikilizi."

"Ikifunguliwa inaharibika thamani, Mama. Nielewe."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeficha pipi mpaka ikayeyuka. Kisha akatia ukucha kwenye nailoni.

"Mama!"

Nailoni ilichanika kutoka juu hadi chini. Duka zima liliguna. Mtu mmoja alifumba macho. Profesa alirudi ndani mbio huku amekumbatia ya kwake, kana kwamba ugonjwa huo unaambukiza.

Mama mkwe akaitoa santuri, akaiweka mbele ya muuzaji. "Tupigie hiyo, mwanangu. Anza na wimbo wa tatu." Halafu, muuzaji alipogeukia gramafoni, akaokota ile kalamu nene, akalilaza jalada juu ya kaunta, akaanza kuandika.

"Na kuandika tena!" Fundi miwani alikuwa karibu kulia, na hakuona haya. "Mama, umeimaliza! Umeimaliza kabisa!"

Profesa aliinama juu ya jalada kushuhudia maafa. Akavua kofia yake polepole.

Fundi miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wino ulikuwa bado mbichi: *Kwa mkwe wangu mpenzi. Alikuwa mdudu kweli.* Na chini ya maneno hayo, amefumbua mdomo vile vile kama mwenzake wa dhahabu, alikaa ndege.