Mti Kwenye Matanga

Tulipotoka kumzika mwanangu Gideon, nilianza kufunika vioo nyumbani kwake, kama tufanyavyo Wayahudi kwenye matanga. Nilifika sebuleni nikiwa na shuka moja mkononi, na mbele yangu ulisimama mti wa Krismasi.

Kwa sababu ya mti huo sikuwa nimekanyaga pale miaka sita. Nilimwambia achague, mti au mama.

"Niutoe nje, mama?" mkewe aliuliza. "Watu wa sinagogi wanaegesha magari."

"Nani aliupamba?"

"Yeye, Jumapili. Alisema ukija mwaka huu, angalau utukane kitu kizuri."

Nilikunjua shuka niufunike. Matufe yaliyoning'inia matawini yalikuwa ya kioo chekundu, na kila moja lilinionyesha uso wangu ukiwa mdogo na umevimba. Moja lilikuwa na alama ya kidole gumba, pana, mistari yake yote ikionekana.

Mkwe wangu aliinua kitambaa alifute.

"Hebu thubutu," nilimwambia.

Kengele ya mlango ikalia. Nikaliacha shuka lianguke.

"Wafungulie," nikasema, nikavuta kiti kando ya mti, nikaketi.